Jeneza la Hopcyn Lapita Mlimani

Walikuwa wameshamtoa mlangoni, miguu mbele, na wanaume wanne wa kwanza walikuwa bado wanatafuta mahali pa kukaza mabega chini ya ile miti miwili ya kubebea jeneza, Lowri alipotoka ndani amevaa koti la mumewe.

"Shemeji," Meurig akasema bila kugeuza kichwa, maana mti ulikuwa umembana shingo. "Hilo koti unalipeleka wapi?"

"Linanipeleka mimi."

"Wanawake hubaki."

"Wanawake wamebaki. Wapo ndani watano wanachemsha chai. Twende."

Pale Cwm Arw, miaka ile, mwanamke hakwenda makaburini. Alimvika maiti wake, akamlilia, akasimama mlangoni wakati watu wanaimba, kisha akarudi ndani kukata mikate ya shayiri na kungoja wanaume warudi na matope yao na njaa yao. Meurig alikuwa mdogo wake marehemu, na msiba ulikuwa msiba wake kuuongoza, lakini angefanya nini? Asingeweza kuweka jeneza chini ili agombane na mjane. Akapiga mguu ardhini mara mbili, na wote wakaanza kwenda.

Waliimba wimbo wa kumwinua, kwa sauti nne kama kawaida yao, ukungu ukiwa umelala mpaka kwenye madirisha. Ilikuwa mwezi wa Februari. Kila nyumba ya bonde lile ilikuwa imetoa mwanamume mmoja, na nyingine wawili, kwa sababu bega la msiba halikataliwi. Unaweza kumchukia mtu maisha yako yote, usimwamkie wala usinywe maji yake, lakini siku akitoka miguu mbele utakwenda kumbeba.

Siencyn, fundi cherehani, alikuwa kwenye mti wa nyuma kushoto. Hawakuwa wamefika hata kisimani akaanza kuhema.

"Huyu Hopcyn nimemshonea suruali miaka yote. Kiuno chake kilikuwa kama cha nyigu. Humo sandukuni amepata nini cha kula?"

"Huo ni uzito wa mwaloni," Meurig akamjibu. "Na bega lako wewe limezoea sindano."

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Wewe umeshika mbele, mimi nyuma, na tunapanda."

"Hatujaanza kupanda."

Hapo wakanyamaza, kwa sababu walikuwa wanaikaribia njia panda.

Mkono wa kushoto kulikuwa na barabara ya mto. Ni barabara nzuri, hata gari la farasi linapita, lakini inauzunguka mlima wote kabla ya kufika Llan, na Llan ndiko yaliko makaburi ya watu wa Cwm Arw tangu zamani. Mkono wa kulia ilikuwa njia ya mlima, Moel Gigfran, ambayo wazee wao waliikanyaga mpaka ikazama kama mtaro. Walikuwa wakienda mnadani Llan kwa njia ile, wanawake wakifuma soksi huku wanatembea, sindano zinagonga, macho hayatazami chini. Waliukata udongo mweusi wa kinamasi huko juu, wakauanika, wakauteremsha kuwa kuni za mwaka mzima. Kila jiwe lilikuwa na jina. Kulikuwa na Pumzi ya Kwanza na Pumzi ya Pili, ambapo majeneza yalituliwa. Kulikuwa na Goti la Farasi na Bakuli la Shetani. Mtoto wa pale aliyajua majina hayo kabla hajajua sala.

Kisha Plas, lile jumba kubwa la bwana mwenye ardhi, likaleta karatasi kutoka London na waashi kutoka kusikojulikana, na ukuta ukapanda mlimani. Mwaka huo Tudur, mwana wa mwisho wa Lowri, alikuwa ameanza kuvaa suruali ndefu. Mlima uliokuwa wa wote ukawa wa kwale. Kila Agosti wageni wa Plas walikuja na bunduki, wakapiga ndege siku tatu, wakaondoka, na mlima ukabaki umefungwa mpaka Agosti nyingine. Kwenye njia paliwekwa lango lenye kufuli. Watu waliendelea kupita. Waliuparamia ukuta mahali ulipolegea, wanawake wakivushiana vikapu, na aliyekamatwa alitozwa faini, akalipa, kesho akapita tena. Lakini majeneza hayakupita. Jeneza haliparamishwi ukuta. Toka siku ya ukuta, maiti wa Cwm Arw walizungushwa kwa barabara ya mto, au walizikwa kwenye kanisa jipya kule chini, kwenye udongo wa majimaji.

Na jambo hili kila mtu wa Cwm Arw alilijua: alipopita maiti, hapafungwi tena. Ukibeba jeneza kupita shamba la mtu, pale ulipopita pamekuwa njia ya watu wote milele, awe mfalme au awe nani. Ilikuwa sheria. Nani aliitunga, hakuna aliyewahi kuuliza, kama vile hakuna anayeuliza nani alisema maji yateremke. Hopcyn mwenyewe aliishi katika nyumba ya sheria za namna hiyo. Babu yake aliijenga kwa usiku mmoja kwenye ardhi isiyo na mwenyewe, moshi ukatoka juu ya paa kabla ya jua, na kwa hiyo ikawa yake. Alikuwa karibu peke yake katika bonde lile ambaye hakuwa mpangaji wa Plas. Ndiyo maana, kifua kilipomshinda, alimshika Lowri mkono akasema:

"Nipitisheni mlimani. Msimwombe mtu."

Lowri akasema, "Nimesikia."

Siku zile tatu za kumlaza maiti ndani, watu wakiingia na kutoka, Lowri alilifikiria hilo neno lake mara nyingi. Hakuwa amesema "nitafanya." Alisema amesikia. Hopcyn alikufa akidhani ni kitu kimoja.

Meurig hakusimama njia panda. Akakata kulia. Nyuma yake watu waliinua vichwa kidogo, na mtu mmoja akaanzisha wimbo bila kuambiwa. Lowri akavuta koti kifuani, akafuata.

* * *

Walipofika Pumzi ya Kwanza wakatua, wakabadilishana. Ukungu ulikuwa umebaki chini, na mlima ulikuwa wazi, magugu yake yamekauka rangi ya kutu, theluji kwenye mifereji. Kunguru wakubwa wawili walikuwa wanazunguka juu ya mwamba, bila kelele.

Lowri alikaa kwenye ncha ya jiwe. Meurig akaja akasimama karibu naye, anajifuta shingo.

"Unajua nani yuko langoni," akasema.

"Namjua. Nilimzaa."

"Nilimtumia salamu jana. Nikamwambia, Tudur, kesho uwe na homa. Ulale. Mtu yeyote anaweza kuwa na homa."

"Akasemaje?"

"Akasema Plas haina ruhusa ya homa."

Tudur alikuwa mlinzi wa mlima. Machimbo ya mawe ya kuezekea yalipofungwa, vijana wa bonde waliondoka kama maji kwenye ungo: wengine ng'ambo ya bahari, wengine kusini kwenye mashimo ya makaa ya mawe. Emrys, mwana mkubwa wa Lowri, alikwenda kusini. Shimo lilimfunika mwaka wa pili. Hawakumtoa. Lowri aliletewa kofia. Tudur alikuwa na mguu mmoja tayari kwenye njia hiyohiyo wakati Plas ilipomwita imvalishe koti la kijani na kumpa bunduki na nyumba ndogo chini ya ukuta. Akakubali. Hopcyn hakusema naye tena. Hata wiki ile ya mwisho, Tudur alipokuja akasimama dirishani, kofia mkononi, mzee aligeukia ukutani akabaki hivyo mpaka kijana akaondoka. Lowri alimpa chai mlango wa nyuma. Alikuwa akimpa chai mlango wa nyuma muda wote huo. Hopcyn alijua, na hakuwahi kuhesabu vikombe.

"Meurig," Lowri akasema. "Leo ni lango tu. Tukipita, tumepita. Mtu asimfanyie maneno."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi nina bega moja limekufa na jingine linakufa. Maneno nitayatoa wapi?" Lakini alikuwa ameangalia pembeni.

Wakainua. Kutoka pale njia ilikuwa kali. Aliyekuwa nyuma alibeba mzigo wote, aliyekuwa mbele alibeba matusi ya walioko nyuma. Walibadilishana kila baada ya muda mfupi, bila kuambiana, bega likitoka na bega likiingia, jeneza lisisimame. Ndivyo wanavyobeba, na ukitazama kwa mbali unaona kama linakwenda lenyewe. Lowri alitembea nyuma yake. Mikono yake, isiyozoea kutembea mitupu, ilikuwa inafumana yenyewe ndani ya mifuko ya koti.

* * *

Tudur alikuwa amesimama mbele ya lango. Koti la kijani, bunduki begani, kofia ameivua. Hatua kadhaa nyuma yake, upande wa ndani wa ukuta, msimamizi wa Plas alikuwa juu ya farasi, Mwingereza mmoja mwenye ndevu safi, asiyejua lugha ya pale zaidi ya "asubuhi njema." Alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, na hakusogea.

Wanaume wakasimama. Jeneza halikutuliwa.

"Mama," Tudur akasema.

"Mwanangu."

"Fungua," Meurig akasema. Alikuwa amerudi mbele kulia. Alikuwa amehakikisha anafika langoni akiwa mbele.

"Baba mdogo, nitafungua. Lango si taabu. Hata kufuli nimeshalitoa. Nimeambiwa niombe pini."

Upepo ulisikika kwenye magugu.

Kisha Siencyn, ambaye siku zote alikuwa na safu ya pini kwenye kola yake, kazini na kanisani, akaiziba kola kwa kiganja kama mtu aliyefumaniwa bila nguo.

Ilikuwa hivi. Sheria ile ya jeneza ilikuwa na mlango mmoja wa nyuma, na wazee walioileta sheria waliuleta na huo mlango. Kama wenye msiba wametoa kitu kwa mwenye ardhi, hata kitu kidogo kuliko vyote, hata pini, na kusema neno la kuomba, basi wamepita kwa hisani. Aliyepita kwa hisani hana haki. Maiti amekuwa mgeni, na njia inabaki ya mwenyewe. Na pini hiyo haitoki kwa yeyote tu. Lazima itoke kwa mwenye maiti, ichomekwe kwenye mwimo wa lango, watu wote wakiona. Mtu wa Plas asingeweza kulijua hilo mwenyewe. Kuna mtu wa bonde aliyemwambia.

Meurig alifikiri vilevile. "Nani kamfundisha huyo mwenye farasi habari ya pini?"

"Sio mimi."

"Nani, basi? Farasi?"

"Baba mdogo, naapa. Aliniambia jana usiku. Nilidhani anatania."

"Baba yako yuko begani mwangu hapa, Tudur. Mwombe yeye pini. Njoo, gonga sanduku, mwambie, 'Mzee, una pini?' Wakati yuko hai hukupata hata neno lake, labda leo atakupa pini."

Watu wawili watatu nyuma walicheka kwa pua, kicheko kibaya. Tudur uso ulimjaa damu, lakini alimtazama mama yake tu.

"Kama hamtoi," akasema polepole, "siwezi kuwazuia. Ninyi mko wengi na mimi siwezi kuinua bunduki kwa jeneza la baba yangu. Mtapita. Huyu wa farasi ataona mmepita. Leo jioni narudisha koti."

"Rudisha!" Meurig akasema. "Litakupunguzia uzito."

"Na kazi?"

"Njoo ukae kwa mama yako. Chumba kipo."

"Chumba kipo. Kazi ipo? Itaje moja, baba mdogo. Moja tu, katika bonde hili." Meurig akausogeza mti begani. "Mke wangu, Betsan, anajifungua wiki hii. Nikirudisha koti leo, yeye akiinuka kitandani tunakwenda kusini. Hakuna kingine. Ni makaa."

Hilo neno la mwisho alimwambia mama yake, si Meurig.

Lowri alikuwa amesimama karibu na jeneza, bega lake likigusa ubao. Aliusikia ubao ule kupitia koti. Mle ndani alikuwa mtu aliyelala naye maisha yake yote, mkaidi kama nyumbu, ambaye hakuwahi kumwomba kitu kikubwa ila hiki. Na mbele yake, kofia mkononi, nywele zake zimelala vilevile kama za Emrys, alikuwa yule aliyebaki. Wanaume wote walikuwa wanamtazama yeye sasa. Si Meurig tu. Walikuwa watu wenye mabega yaliyochubuka, wapangaji wa Plas wote, waliopanda mlima wakijua kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu ukuta, kuna kitu watakirudisha nyumbani. Wake zao walikuwa wamewaambia asubuhi: mkishuka, tutakuwa tunakwenda Llan kwa miguu yetu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Haikuwa kwamba alipima. Baadaye watu walisema alipima, alisimama muda mrefu, alitazama mlima. Hakutazama kitu. Alikuwa anaona ile kofia iliyoletwa kutoka kusini, na vumbi jeusi lililokuwa kwenye mshono wake, ambalo hakuweza kulitoa kwa sabuni yoyote.

Akapeleka mkono shingoni, ndani ya koti, akachomoa pini iliyofunga shali yake. Shali ikafunguka, upepo ukaingia. Akatembea mpaka kwenye mwimo wa lango. Mti ulikuwa mkavu na mgumu. Pini ikapinda mara ya kwanza. Akainyoosha kwa meno, akaichomeka tena, ikakaa.

"Naomba njia," akasema.

Msimamizi juu ya farasi akagusa kofia yake.

"Lowri," Meurig akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina tangu aolewe na kaka yake. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kama anayeongea na miguu yake, "Basi tumekuja kumpitisha kama mchuuzi."

Akalitoa bega lake.

Hakulivuta kwa hasira. Alilitoa tu, kama mtu anayeshuka kwenye gari, akapiga hatua pembeni, na hakuna bega lililoingia mahali pake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho na hakuna aliyekuwa tayari. Jeneza likainama mbele upande wa kulia. Mtu akapiga kelele. Siencyn nyuma akapiga goti.

Tudur alikuwa ameshaitupa bunduki kwenye magugu. Akaingia chini ya mti, akaupokea kwa bega na kwa shavu pia, akanyanyuka nao.

Kutoka ukutani msimamizi akasema kitu kwa lugha yake. Akakisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, akionyesha bunduki chini, lango wazi, lile koti la kijani lililobanwa chini ya jeneza.

"Tudur," Lowri akasema. "Toka. Rudi langoni. Tudur! Pini nimeshatoa!"

"Anaanguka, mama," Tudur akasema.

Na kweli, wangemwacha angeanguka. Basi wakapita langoni hivyo, Tudur mbele kulia, wengine watatu, na msafara wote nyuma kimya, bila wimbo. Meurig alibaki upande wa huku. Lowri alipogeuka alimwona ameshaanza kushuka kuelekea bondeni, peke yake, anatembea upande upande kama mtu mwenye mzigo, na hakuwa na mzigo.

Mtu wa kumpokea Tudur alipaswa kuja baada ya kitambo kidogo, kama desturi. Alikuja, akasogeza bega, na Tudur akatikisa kichwa. Akambeba baba yake mpaka Pumzi ya Pili na kutoka pale mpaka mgongo wa mlima, ambako Llan huonekana chini na moshi wake, na kutoka hapo mpaka mlango wa makaburi. Wengine walibadilishana, yeye hakubadilishana. Lowri alitembea pembeni yake, mkono mmoja ameshika shali isipeperuke. Mara moja tu, kwenye mteremko, Tudur alisema, "Mzito," na Lowri akasema, "Ni mwaloni," kisha wakaendelea.

Mchungaji alikuwa anangoja kwenye baridi. Alisoma haraka. Udongo wa Llan ni mkavu, hauna maji, ndiyo maana wazee waliuchagua. Ulianguka juu ya ubao kwa sauti ya kokoto. Baada ya kuzika, kwa kawaida watu huja mmoja mmoja kumshika mkono mwenye msiba. Walikuja. Walimshika. Wengi walikuwa wanatazama makaburi ya wazazi wao wenyewe wakati wanamshika.

Wakarudi kwa barabara ya mto. Hakuna aliyesema turudi kwa njia ipi. Miguu ilikwenda yenyewe huko. Wakafika usiku, wakakuta chai imepoa na kuchemshwa tena mara nyingi mpaka imekuwa chungu, na wanawake waliokuwa ndani wakamtazama kila mmoja mume wake, wakaona, hawakuuliza.

* * *

Tudur alifukuzwa kesho yake, kwa kutupa silaha na kuacha lango. Betsan alijifungua mtoto wa kike siku chache baadaye, wakamwita Nest. Mwezi wa Aprili walikwenda kusini. Tudur alifanya kazi kwenye makaa mpaka kifua kikakataa, akafa akiwa na umri mdogo kuliko wa baba yake. Lowri alimwona mara moja tu baada ya kuondoka. Nest aliolewa hukohuko na hakujifunza jina hata moja la mawe ya Moel Gigfran.

Meurig hakuzungumza tena na Lowri. Kanisani alihamia benchi la upande wa pili. Alikufa kwa kuanguka darini, akazungushwa kwa barabara ya mto. Lowri alitoka mlangoni akasimama wakati anapitishwa, na wana wa Meurig wakamwinulia kofia.

Siencyn alihamia mjini, akafanikiwa. Mwanawe alisema mzee, alipokunywa kidogo, alikuwa akilia na kusema kwamba ni yeye aliyesimulia habari ya pini, jikoni kwa Plas, siku moja alipokwenda kupima suti za watumishi, kwa kuchekesha watu tu.

Watu wa Cwm Arw waliacha kuuparamia ukuta. Faini hazikuongezeka wala walinzi hawakuzidi. Mlinzi aliyemrithi Tudur alikuwa mlevi. Waliacha kwa sababu njia ilikuwa imeombwa, na kilichoombwa si chako. Udongo wa kinamasi haukukatwa tena, wakaanza kununua makaa.

Baada ya miaka mingi, vijana waliosoma, wakiongozwa na mwalimu wa shule, waliipeleka Plas mahakamani wadai njia ya mlima. Jaji alikuwa mtu mpole. Aliwaambia kwamba hakuna sheria, na haijawahi kuwapo sheria, inayosema jeneza hufungua njia. Wala hakuna sheria ya pini. Hayo ni maneno ya wazee. Alichotaka kujua ni kimoja: watu walipita hapo bila ruhusa, kwa muda gani, na waliacha lini. Vijana wakatazamana. Wakasema wazazi wao waliacha mwaka aliozikwa Hopcyn. Jaji akaandika. Akauliza kama yuko mtu hai aliyepita hapo kabla ya ukuta, aje aseme. Wakasema wote wamekufa. Kesi ikashindwa.

Lowri alikuwa hai. Alikuwa anakaa dirishani, anafuma, masikio yake yakiwa mazima na akili yake ikiwa nzima. Hakuna aliyemwita. Wengine walidhani amekufa, na waliojua yuko hai waliona si vizuri kumtajia mlima.

Plas iliuzwa baada ya vita. Paa liliondolewa, na mawe yakajengewa vibanda vya ng'ombe. Mlima ulipandwa misonobari, njia ikafunikwa.

Lowri alikufa mwezi wa Novemba. Mvua ilikuwa imekata barabara ya mto, hata Llan hapakufikika. Walimzika kwenye kanisa jipya, chini, kwenye udongo wa majimaji. Hopcyn yuko ng'ambo ya mlima.